Miaka Minne Niliyoikata

Kocha wa mwisho niliyempa shikamoo nilikuwa nimemzidi mwaka mzima. Ilikuwa saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa timu ya mashamba ya miwa, kule tambarare chini ya Moshi mjini. Alinipigapiga begani, akaniita dogo, akasema kwa umri wangu bado nina misimu miwili mizuri ya kufunga magoli. Nikaitikia ndiyo, mwalimu. Goti la kulia lilikuwa limevimba tangu nilipokuwa nyuma ya bodaboda, lakini nilikuwa nimevaa soksi ndefu.

Kwa vyeti nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Kwa mama yangu nilikuwa na thelathini na sita. Mpira wangu wote nimeucheza katikati ya namba hizo mbili, na anayedhani kinachochosha ni mbio hajui kitu. Mbio zina filimbi ya mapumziko. Kinachochosha ni kuamka na maumivu ya mtu mzima halafu ukatakiwa kuyaonea aibu kama kijana. Wenzangu waliofika thelathini na tatu walikuwa wanalalamika mgongo waziwazi, wanakandwa, wanapewa siku mbili za kupumzika. Mimi nilikuwa nimeshapita huko, na nilikuwa ninabeba mipira na koni kwa sababu kwenye karatasi nilikuwa mdogo wao.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na sita na ikapita nchi nne.

Ilianza hivi. Nikiwa na miaka ishirini nilikuwa nacheza kiwanja cha vumbi karibu na soko la Kiboriloni, ambako mama alikuwa akishusha mikungu ya ndizi kutoka kwetu Kirua Vunjo mara mbili kwa wiki. Nilikuwa mwembamba, sina ndevu, na nilikuwa na kasi ambayo sasa hata kuisimulia naona kama namsifia mtu mwingine. Katibu wa timu moja ya vijana akaniona. Akaniuliza umri, nikamwambia. Akasikitika, akasema vijana wanaotakiwa ni wa chini ya kumi na saba, kisha akanitazama kuanzia miguuni na kusema kwamba nikikata minne tu hakuna atakayejua. Alisema kukata kama vile anazungumzia nywele.

Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Wengi wetu tuliozaliwa huko juu tulikuwa na cheti cha ubatizo tu, kilichoandikwa parokiani kwa mkono. Ili nipate cheti cha serikali alitakiwa mzazi ale kiapo kwamba mtoto huyu alizaliwa mwaka fulani. Baba alikataa. Alisema hakunizaa mara mbili. Mama alikataa pia, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nilimwambia maneno ambayo kijana wa kati humwambia mama yake akitaka kumshinda, kwamba ndugu zangu wote mna cha kuwapa, mimi mnanipa nini?

Hapa inabidi nieleze mambo ya kwetu. Kihamba, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa vikiizunguka nyumba, na makaburi ya wazee humohumo ndani, hakigawanywi ovyo. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu yake anapooa. Wa mwisho hubaki nyumbani na wazazi, huwatunza, na wakishaondoka nyumba na kihamba huwa vyake. Wa katikati hupewa baraka na nauli. Sisi tulikuwa watatu. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshakatiwa, mdogo wangu alikuwa ameshajulikana kuwa ni wa kubaki, na mimi nilikuwa wa nauli.

Mama akavaa kitenge chake cha kanisani, tukashuka mjini, akashika Biblia mbele ya wakili akaapa. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa na utomvu mweusi wa ndizi usiotoka hata kwa sabuni. Tulipotoka nje alinunua maji, akanywa yote. Mimi nilikuwa nahesabu miaka ambayo nimeipata.

Kisha nikaondoka. Mbeya misimu miwili, Mtwara mmoja, Dar nusu msimu kwenye benchi. Ndola nilifunga sana, na mpaka leo ndipo mahali pekee ambapo mtu aliwahi kuniita kwa jina langu barabarani. Beira nilivunjika kidole cha mguu nikacheza nacho. Sohar, Uarabuni, tulifanya mazoezi jua likishazama na bado viatu vikawa vinanata kwenye nyasi za plastiki. Nikarudi Ndola, nikarudi Mtwara, timu zikawa ndogo zaidi na safari za basi zikawa ndefu zaidi. Nimelala kwenye vyumba vya wachezaji ambavyo shuka zake zina harufu ya dawa ya misuli ya mtu aliyefukuzwa juzi. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nimeila mpaka mfupa.

Nyumbani nilikuwa nakuja Desemba, kama Wachaga wote, siku sita au saba, nanyoosha miguu, nakula mtori, nasifiwa, naondoka. Baba alipofariki nilikuwa Beira. Nikafika udongo wa kaburi umeshakauka na mdogo wangu ameshapanda masale, majani yetu ya makaburini, pembeni. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Masika yaliyopita ndipo niliporudi bila tiketi ya kuondoka. Nilimwambia mama ni mapumziko, na mama akatandika kitanda changu bila kuuliza mapumziko ya nini. Mdogo wangu wakati huo ana miaka thelathini na minne, ana mke na watoto wawili, ng'ombe wawili wa ndani, na kahawa aliyoipanda upya mche kwa mche baada ya ile ya baba kuzeeka. Ndiye aliyemwogesha baba mwaka mzima. Ndiye anayeamka kuzibua mfereji wa maji wa ukoo zamu yetu ikifika. Mimi nilikuwa nakaa barazani na barafu juu ya goti, nikiitazama ile nyumba ya bati jekundu, na wivu ukawa unaniingia polepole, wivu wa kizee, usio na kelele. Miaka kumi na sita nimelala kwa watu. Nilitaka mlango wangu.

Jumapili ya kwanza niliyokwenda na mama kanisani niliona jambo. Watu walipoanza kupanga mstari wa komunyo, mama hakusimama. Alivuta miguu pembeni ili wengine wapite, akaendelea kukaa, macho kwenye mapaja. Nilidhani amechoka. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Tulipofika nyumbani nikamuuliza mdogo wangu, aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe.

Hakuacha kukata. "Hujui?" alisema. "Tangu kile kiapo chako mama hakomuniki."

Nikasema haiwezekani, ni miaka kumi na sita. Akasema ndiyo, ni kumi na sita, yeye amekaa naye benchi moja Jumapili zote hizo. Padri mmoja aliwahi kumwambia kwamba akitaka kuungama vizuri basi uongo ule urekebishwe, na mama akajibu kwamba akiurekebisha mtoto atakosa kazi. Kwa hiyo akangoja. Mdogo wangu alilisema hilo kama anavyosema habari za mvua, akabeba majani yake akaenda zizini. Mimi nikabaki nimesimama na aibu yangu. Nilitaka kwenda kumwomba mama msamaha saa ileile, lakini kesho yake nilikuwa na majaribio kule kwenye miwa, na nikajiambia acha kwanza nisaini.

Majaribio nikayapita, kama nilivyosema. Nilifunga magoli mawili, yote kwa ujanja, hakuna hata moja la mbio. Kocha akaniambia nilete vyeti vyangu Ijumaa.

Wiki hiyohiyo watu wa ardhi wa wilaya walikuja kupima mashamba kijijini kwetu ili watu wapate hati za kimila. Kila familia ilitakiwa kupeleka ofisi ya kijiji muhtasari wa kikao, vitambulisho vya watoto wote, na mzazi aliye hai. Kikao kikakaliwa kwetu Jumatatu jioni. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, ndiye mwandishi wa ukoo, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa kidogo, mambo yakaisha mapema kwa sababu hapakuwa na jambo. Baba mdogo akaandika kwamba wanakikao wote wamekubaliana kuwa nyumba na kihamba ni vya mtoto wa mwisho wa kiume wa marehemu, kama ilivyo mila. Jina hakuandika. Kwa nini aliandike? Ukoo mzima unajua nani ni wa mwisho, ni sawa na kuandika kwamba mlima uko juu.

Karatasi ikazungushwa tuisaini. Ilipofika kwangu niliisoma, nikaisoma tena. Kwenye kitambulisho changu cha taifa mimi nimezaliwa miaka miwili baada ya mdogo wangu. Mtu wa nje akiwapanga watoto wa baba kwa vitambulisho vyao, wa mwisho ni mimi. Niliona jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, na nikasaini, na nikanyamaza. Sitaki kujipamba hapa. Nilijiambia kwamba kosa si langu, kwamba sijaandika mimi, kwamba labda hata hawatatazama vitambulisho. Ila usiku ule, kichwani mwangu, nilikuwa nimeshahamisha kitanda changu kwenda chumba cha mbele.

Alhamisi tukateremka ofisi ya kijiji, mimi, mama, mdogo wangu na baba mdogo. Kaka mkubwa alikuwa Arusha kazini, alituma kopi ya kitambulisho chake. Karani wa ardhi alikuwa binti mdogo mwenye adabu, ametoka wilayani, hana ndugu kijijini kwetu. Alimwamkia mama, akampa kiti kizuri, akaanza kazi. Wajumbe wawili wa kamati walikuwa pembeni wanapiga soga. Akasoma muhtasari. Akavipanga vitambulisho mezani, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Kisha akachukua kalamu na kuanza kuandika jina langu.

Baba mdogo akamwambia, binti, hapo umekosea, wa mwisho ni huyu, akamgusa mdogo wangu bega. Binti akageuza vitambulisho, akamwonyesha tarehe. Baba mdogo akavaa miwani. Wajumbe wakaacha soga. Mmoja akacheka, akasema mae, kumbe mchezaji wetu ni kitindamimba, kisha akaona hakuna anayecheka akanyamaza. Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu.

Binti hakuwa na ubaya. Alisema yeye anafuata karatasi, ila mzazi yupo, na mzazi ndiye anajua. Akamgeukia mama.

"Mama, naomba unisaidie. Kitindamimba wako ni yupi?"

Mama alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mkoba wake. Akaniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi kabla ya kupiga penalti, wengine wananiombea mabaya, lakini sijawahi kuona macho yaliyochoka kama yale. Nikaelewa kilichokuwa mbele yake. Akisema ni mdogo wangu, anajitangaza mbele ya kamati kwamba aliapa uongo. Akisema ni mimi, anadanganya mara ya pili na kumnyang'anya nyumba mtoto aliyemtunza. Na vyote viwili nilimletea mimi, nikakaa kando ya kiti chake nikingoja nione atafanyaje. Kesho yake ndiyo ilikuwa Ijumaa ya kusaini. Goti lilikuwa linanidunda.

"Ni huyu mdogo wangu," nilisema. "Mimi ni wa pili. Nina miaka thelathini na sita. Cheti changu ni cha uongo, nilimlazimisha mama."

Binti akauliza kama nina kitu chochote cha kuthibitisha, nikasema sina. Hapo mama akafungua mkoba. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa laini kama kitambaa. Kilikuwa cheti changu cha ubatizo. Akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja. Kama alikuja nacho ili aseme mwenyewe, au alikuja nacho kwa sababu hukaa nacho siku zote mkobani, sijui. Mpaka leo sijamuuliza.

Binti alikisoma polepole. Akakata jina langu kwa mstari mmoja, akaandika la mdogo wangu, akanielekeza niende kwa wakili nikarekebishe vyeti vyangu kwa kiapo kipya. Alinishauri kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa duka la dawa.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mama na baba mdogo mbele, mimi na mdogo wangu nyuma. Njia ya kwetu inapanda muda wote na siku ile ilikuwa na utelezi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejifunza kutembea wima mbele ya watu hata goti likiwa linawaka, kwa sababu mchezaji anayechechemea barabarani habari zake hufika kwa viongozi kabla yake. Siku ile sikuona tena wa kumficha. Nikachechemea. Mdogo wangu akapunguza mwendo.

Tulipofika kwenye daraja la mfereji aliniambia, "Jumatatu nilikuona unaisoma ile karatasi mara mbili."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu.

"Ningesema nini, kaka? Wewe ndiye mkubwa."

Nililia kidogo, si kwa sauti, na yeye akajifanya anakagua maji ya mfereji. Kisha akasema chumba changu kipo, na hakijawahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote na bado ni changu. Aliniambia tupande taratibu. Akaniita meku, jina tunalowaita wazee, na safari hii nilikuwa nimelistahili.

Ijumaa nilikwenda kwa kocha kama nilivyoahidi, mkononi sina cheti. Nilimweleza kila kitu tukiwa tumesimama pembeni ya goli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia, akakuna kichwa, akacheka kicheko kifupi cha masikitiko, akasema timu haiwezi kumsajili mtu wa umri ule mwenye goti lile, nami najua. Nikasema najua. Kisha akaniuliza nimezaliwa mwezi gani. Nikamwambia. Akapiga hesabu. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na huo ndio ukawa mwisho wa mpira wangu.

Kwa wakili nilikwenda Jumamosi asubuhi na mapema. Nilishika Biblia mwenyewe nikaapa mwaka wangu. Niliporudi mama aliitazama ile karatasi yenye muhuri, akaisoma kwa kidole, akaikunja pamoja na ile ya ubatizo. Alasiri akaniambia anashuka kanisani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alipika, akanipakulia, akalala mapema.

Jumapili tulikaa benchi lilelile, yeye upande wa ukutani, mimi upande wa njia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaungama, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kwenda. Kwaya ikaanza wimbo wa komunyo, watu wakaanza kutoka benchi moja baada ya jingine. Mama akakunja kanga yake vizuri begani. Akasimama.

Nikavuta goti langu bovu pembeni ili apite.